Uvuvi wa ncha za dunia: mnavyodhani na ilivyo kweli

Ukitaja uvuvi wa Antaktika utasikia "ah, kule hakuna mwenyewe, ukiwa na meli ya kuhimili barafu unajichotea tu". Sio kweli. Bara halina mwenyewe sawa, ila bahari yake ina mkataba unaofanya kazi tangu 1982 na tume yake inaitwa CCAMLR, makao yake Hobart kule Australia, wanachama 27 ukihesabu Umoja wa Ulaya kama mmoja, na hakuna kupiga kura, wote lazima wakubaliane, mmoja akigoma jambo limelala. Ndo maana hifadhi ya Bahari ya Ross ilipita 2016 baada ya miaka ya mivutano, na hifadhi zingine zilizopendekezwa mpaka leo zinapigwa danadana, waliozikwamisha zaidi wakiwa Urusi na Uchina. Binafsi naona huu utaratibu unachosha kweli.

Nyingine ni kwamba bahari ya baridi ina samaki wa kumwaga. Kumbe samaki wa kule wanakua taratibu mno. Msimu wa 1969/70 meli za Kisovieti zilizoa karibu tani 400,000 za nototenia, aina ya samaki wa kule, karibu na kisiwa cha South Georgia, baada ya hapo samaki wakaisha na miaka mingi baadaye bado walikuwa hawajarudi walivyokuwa. Wale hawakupima kwanza, walivua tu.

Sasa hii inayofuata ndo inanikera, ati utafiti ni wa wanasayansi na meli zao nyeupe, wavuvi, wao wanakuja kuharibu tu. Jamani, data nyingi kuhusu tuthifishi, yule samaki mkubwa anayevuliwa kwa mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana, kina cha mita 1,000 mpaka 2,000, zinatoka kwenye meli za uvuvi zenyewe. Kila meli inayomvua inabeba waangalizi wa kisayansi, na kwa kawaida kule Bahari ya Ross kila tani wanayovua lazima samaki mmoja aliye mzima avalishwe tagi yenye namba arudishwe majini. Hesabu ya kujua samaki wako wangapi ni rahisi, chukua gunia la gololi, chota mia moja uzipake rangi uzirudishe, tikisa, halafu chota hamsini, ukikuta tano zina rangi basi gunia lina kama elfu moja. Ndo hivyo hivyo, tofauti ni kwamba samaki mwenye tagi anaweza kunaswa miaka kadhaa baadaye na meli ya nchi nyingine kabisa, kwa hiyo nchi moja ikificha data zake hesabu ya wote imeharibika. Pia wanatoa vijiwe vya ndani ya sikio, wanavikata, wanahesabu miduara kama ya mti wajue umri. Mgao wa kuvua unapangwa kwa kuangalia miaka 35 mbele, samaki wazazi wasishuke chini ya nusu ya walivyokuwa kabla ya uvuvi kuanza.

Ndege? Miaka ya 90 albatrosi walikuwa wananaswa kwa maelfu kwenye hizo ndoana, wakaweka sheria ya kutega usiku, mishipi iwe na uzito izame haraka na kamba za kuwatisha, vifo vikashuka mpaka karibu na sifuri kwenye uvuvi unaosimamiwa. Majangili ni habari nyingine.

Halafu kuna wanaochanganya kusini na kaskazini. Katikati ya Aktiki hakuna kuvua kibiashara kabisa, mkataba ulisainiwa Ilulissat, Greenland mwaka 2018 ukaanza kazi Juni 2021, pande kumi zimo, Marekani, Urusi na Uchina wakiwemo, kwa miaka 16 ya mwanzo wanatafiti kwanza pamoja. Na wameshachungulia, ile safari ya utafiti ya MOSAiC ya 2019 mpaka 2020, meli ya Polarstern ikaelea na barafu, wakashusha kamera na ndoana, samaki waliowaona walikuwa wachache mno na samaki aina ya kodi wa Atlantiki waliowanasa ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo mtu akikuambia barafu ikiyeyuka kule juu kutakuwa na samaki tele, muulize kawaona wapi.