Kwa nini kituo cha daladala kinafaa kukaa baada ya mataa, si kabla?

Waulize wakazi wa Dar es Salaam kituo kikae upande gani wa mataa, wapo watakaokwambia kabla. Wanasema gari litasimama tu taa ikiwa nyekundu, basi watu washuke na kupanda hapohapo.

Hoja hiyo inashika pale tu nyekundu na abiria vinapokutana, na mara nyingi havikutani. Tuseme daladala ya Mbagala imeingia kituoni taa ikiwa kijani. Mama anashuka na ndoo yake ya samaki, konda anatafuta chenji, wanafunzi wamesimama mlangoni wakisubiri waruhusiwe kupanda. Konda anapogonga bodi waondoke, taa imeshageuka nyekundu. Gari lililokuwa na nafasi ya kupita linasubiri tena, na yaliyo nyuma yake katika njia ile yamekosa kijani pamoja nalo. Kijani ni kama maji ya mgao: yakitoka ndoo yako haipo bombani, yamekupita.

Kituo kikiwa baada ya mataa, dereva anavuka kwanza ndipo anashusha. Akitaka kurudi barabarani, nyekundu iliyo nyuma yake mara nyingi imezuia magari, anapata mwanya. Hata mataa ya kisasa yanayotambua basi na kulipatia kipaumbele hufanya kazi vizuri zaidi hivyo, kwa kuwa hayalazimiki kukisia abiria watamaliza lini kupanda.

Kubwa kuliko yote ni usalama. Aliyeshuka kabla ya mataa huvuka mbele ya pua ya gari, na bodaboda inayolipita kulia haimwoni mpaka ametokeza. Baada ya mataa, zebra iko nyuma ya gari, avukaye anaonekana.

Si kila makutano yanafaa. Kama geti la hospitali liko kabla ya mataa, kumvusha mgonjwa barabara nzima ni gharama kubwa. Pale trafiki anapoongoza kwa mkono, kijani hurefuka na hesabu hubadilika. Tena daladala zetu husubiri zijae: tatu zikifuatana, mkia unaziba makutano. Kwa hiyo kituo kisogezwe mbele kidogo na kichimbiwe nafasi pembeni ya barabara, itoshe magari kadhaa kwa saa za jioni, watu wanaporudi nyumbani.