Weka kioo cheusi mbele ya kamera

Kijana aliyekuja kujifunza kuchomelea karakanani kwangu Kizota, Dodoma, mwaka jana alijua mengi kabla hajashika kitu. Aliniambia kijiti cha kuchomelea aina ya E6013, cha milimita 2.5, kinataka umeme wa ampia 70 hadi 90, na kwamba kinalazwa kidogo na kuburutwa, hakisukumwi. Yote kweli, na yote kayapata kwenye simu akiwa kwao Mpwapwa.

Nilifurahi sana, kwa sababu nakumbuka nilivyojifunza mimi. Fundi wangu hakuwa mtu wa maelezo. Ukimuuliza, anajibu, "Angalia." Lakini kioo cha kuchomelea kilikuwa kimoja, na alikivaa yeye. Ulikuwa unamwangalia mgongo. Ukiibia kwa macho matupu, usiku hulali: ile mionzi inaunguza jicho bila wewe kuhisi, na saa kadhaa baadaye macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Ndani ya ule mwanga kuna dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka, na kazi yote ya kuchomelea ni kulichunga hilo dimbwi. Mimi nililiona baada ya miezi. Kijana wa leo analiona siku ya kwanza, likiwa kubwa, hata kabla hajanunua glavu. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa yaliyoletwa na simu.

Siku ile jioni nikampa geti la kujaribia. Akaweka ampia 80 kama alivyofundishwa, kijiti kikaganda kwenye chuma. Akajaribu tena, kikaganda. Jioni umeme wa mtaani kwetu hushuka, na mashine inasema 80 wakati kinachofika ni pungufu. Nikamwambia, "Mwanangu, achana na hiyo namba, sikiliza." Mwako kati ya kijiti na chuma ukiwa sawa unalia kama viazi vinavyotumbukizwa kwenye mafuta ya moto, mfululizo. Mwako ukikohoa na kurusha cheche, kijiti kiko mbali na chuma. Ukizimika kwa mlio mzito, kijiti kimekaribia mno. Video nyingi huwekewa muziki juu ya sauti hiyo, na inaniuma, maana wameondoa nusu ya somo.

Wengine wanakuja wakitaka mashine ya waya na gesi, kwa kuwa ndiyo waliyoiona. Ni nzuri, ila ndani ya jengo. Hapa Dodoma mageti tunayaungia uani, na upepo wa kiangazi unaipeperusha gesi inayolikinga dimbwi. Hewa inaingia, mshono unajaa matundu kama ndani ya andazi. Kijiti hubeba kinga yake kwenye ganda lake, ndiyo maana bado nakitegemea.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walipotengeneza VSOMO, programu ya kujifunza ufundi kwa simu, waliyagawa mafunzo vizuri: nadharia kwenye simu, vitendo karakanani mbele ya mwalimu.

Kitu ninachotaka mafundi wenzangu wakijaribu ni hiki. Geuza simu imwangalie mwanafunzi. Chukua kioo cha akiba, namba 10 au 11, kiweke mbele ya kamera kikifunika lenzi yote, kisha rekodi mkono wake kwa mwendo wa polepole. Bila kioo utapata mwanga mweupe tu na unaweza kuiharibu kamera. Simu iegemeze mbali kidogo na cheche.

Kijana wangu nilikuwa nimemwambia mara zisizohesabika ashushe mkono kadiri kijiti kinavyoisha. Aliniitikia "ndiyo fundi" kila mara, na kwa dhati, kwa sababu aliamini anashusha. Tulipokaa chini ya mwarobaini tukaangalia, akaona mwenyewe: kijiti kinafupika, mkono umesimama palepale, pengo linaongezeka, dimbwi linatawanyika. Alirudisha nyuma mara nne bila kusema neno. Halafu akasimama, akafungua pakiti, akachukua kijiti kipya. Mshono uliofuata, ganda lililoufunika lilibanduka lenyewe lilipopoa, nyundo haikuwa na kazi.

Juzi nimemkuta uani na mwanafunzi mdogo aliyeanza mwezi huu. Kioo kipo mbele ya simu, anamrekodi, na muziki wa redio ya jirani kaomba uzimwe.