“Bahari Haina Mwenyewe” na Mengine Tunayoambiana Mwambao wa Tanga

Ukitoka Pangani kwa mashua maji yakiwa yamekupwa, utafika Maziwe: fungu la mchanga mweupe lisilo na mti hata mmoja. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, fungu lote linazama. Wazee wa Ushongo, kijiji cha pwani ya Pangani, wanakijua kisiwa kingine kabisa mahali hapo hapo, chenye mivinje na kivuli, ambako kasa walipanda kutaga. Mwaka 1975 Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Lakini miti ilikatwa, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, mawimbi yakauzoa kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha. Kasa bado wanapanda pale, na mayai yao yasipohamishwa hufunikwa na maji. Ndiyo maana hubebwa hadi Ushongo na kufukiwa upya ufukweni, yakasubiriwa kwa takriban siku 60 mpaka yaanguliwe.

Maziwe hunijia kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu halmashauri na mazingira ya pwani, iwe kijiweni kwenye kahawa au dikoni samaki wakisubiriwa. Tangazo la serikali lilikuwepo, kisiwa hakikubaki. Ninachoamini mimi ni kwamba pwani hulindwa na makubaliano ya watu wanaoiona kila siku, na kazi ya halmashauri ni kuyapa makubaliano hayo nguvu ya sheria, fedha na boti. Mengi tunayoambiana yanatuzuia kuliona hilo.

“Bahari ni ya Mungu, haina mwenyewe”

Kauli hii ina adabu ndani yake, na sitaki kuibeza. Shida yake ni kwamba huishia kumaanisha kuwa mtu wa kijiji hana la kumwambia mgeni anayekuja usiku na juya, ule wavu wa kukokota.

Kisheria ana la kumwambia. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeweka nafasi ya vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo pwani nzima inaviita BMU. Humo wamo wavuvi, wachuuzi, mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki), hata mafundi wa ngalawa. BMU huandikisha vyombo, hurekodi samaki wanaoshushwa, hufanya doria na hupendekeza sheria ndogo. Pendekezo hupita serikali ya kijiji, hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na baraza la madiwani. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho ni maelewano tu kati ya majirani. Baada yake, faini inayotozwa ina miguu ya kusimama mahakamani.

Dhana potofu ipo upande wa pili pia. Wapo maofisa wanaoichukulia BMU kama askari wa bure. Wanaume wasiolipwa, wasio na mafuta ya boti, wanaambiwa waende usiku kukabiliana na watu wenye baruti. Kijiji kikishindwa hapo, huambiwa hakina mwamko. Mimi naona hiyo ni dhuluma, na halmashauri inayofanya hivyo haijashirikisha mtu yeyote.

“Kufunga mwamba ni kuwafungia watu jiko”

Hii ndiyo inayozua maneno makali kuliko zote, na nadhani inastahili kujibiwa polepole.

Mwaka 1994 ulianza mpango wa uhifadhi wa ukanda wa pwani wa Tanga. Ulifadhiliwa na Ireland na kusaidiwa kitaalamu na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lakini watekelezaji walikuwa halmashauri zenyewe: Tanga, Pangani na Muheza, wakati huo Mkinga ikiwa bado ndani ya Muheza. Maofisa walikwenda kwanza kuuliza. Vijiji kama Kigombe na Kipumbwi vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kukaa chini na kutaja matatizo yao kwa mpangilio wao wenyewe. Kutokana na vikao hivyo yakaundwa maeneo ya usimamizi wa pamoja, kila moja likiunganisha vijiji vinavyovua sehemu moja, na baadhi ya miamba ikafungwa kwa makubaliano. Si bahari yote. Miamba iliyotajwa kwa majina, ambayo wavuvi wenyewe waliijua kuwa ni mazalia.

Ukitaka kuelewa kwa nini kufunga kunaweza kujaza jiko, mtazame pweza. Pweza wa miamba yetu haishi miaka mingi. Ni mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja maishani, mayai maelfu kwa maelfu, akayaning'iniza ndani ya tundu na kuyalinda bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Ukimchoma akiwa tunduni umemchukua yeye na kizazi chake chote. Lakini akiwa mdogo hukua kwa kasi ya ajabu: uzito wake unaweza kuongezeka maradufu kwa takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo ukimwacha miezi mitatu, pweza uliyemuacha ana uzito mara kadhaa ya yule ambaye ungemuuza. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga miamba kwa muda mwaka 2004 kwa hesabu hiyo hiyo. Utaratibu ukafika kwetu, kuanzia Kisiwa Panza kule Pemba hadi Songosongo, Kilwa. Siku ya kufungua hupangwa iangukie bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi.

Sasa niseme na lisilopendeza. Miezi hiyo mitatu haiwaumizi wote sawasawa. Mwenye mashua huenda mbali kutafuta nguru na kolekole. Mwanamke anayekwenda pwani kwa miguu na chuma chake chenye ncha hana pengine pa kwenda. Mwamba ukifungwa bila yeye kuulizwa, kwake hiyo dhana si potofu hata kidogo: jiko lake limefungwa kweli. Na kama siku ya kufungua hakuna utaratibu wa nani anaingia, wageni hujaa na pweza wa miezi mitatu akaisha kwa siku moja. Vikao vya kufunga vinavyofanyika wanawake wakiwa shamba au jikoni ni vikao vibovu, hata kama muhtasari wake umegongwa mhuri.

“Baruti inaua samaki wa siku ile tu”

Tanzania ilipiga marufuku uvuvi wa baruti tangu 1970, na bado kwa miongo mingi ilikuwa nchi ya Afrika inayotajwa kwanza kwa uvuvi huo. Mshindo mmoja hupasua vibofu vya hewa vya samaki walio karibu, wakubwa kwa wadogo. Wengi huzama na kuozea chini. Anayechotwa ni sehemu tu ya waliokufa. Hasara kubwa zaidi hubaki kwenye matumbawe. Tumbawe lenye matawi hukua sentimita kadhaa kwa mwaka, na lile la duara kubwa kama jiwe huongezeka takriban sentimita moja tu. Likivunjwa vipande vipande, vipande hivyo huviringishwa na mkondo kila maji yanapojaa na kupwa, na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Mwamba uliopigwa leo unaweza kubaki kifusi mpaka mvuvi aliyeupiga awe na wajukuu.

Doria za miaka ya 1990 mkoani Tanga, zilizohusisha vijiji, halmashauri na jeshi la wanamaji, zilipunguza sana milipuko. Doria zilipolegea, miaka ya 2000, baruti ikarudi. Ilipungua tena baada ya 2015, vyombo mbalimbali vya serikali kuu vilipoanza kufanya kazi kwa pamoja kufuatilia zilikotoka hizo baruti, maana haziokotwi ufukweni. Hutoka migodini, machimboni na kwenye miradi ya ujenzi. Hapo kijiji peke yake hakiwezi, na tusikidai.

“Kupanda mikoko ndiko kuhifadhi mikoko”

Kila mwaka tunaona picha: viongozi kwenye tope, miche mkononi. Kupanda si kubaya, lakini mikoko iliyoachwa bila kukatwa, ikiwa na mama miti karibu na maji yanayopita vizuri, hujiotea yenyewe. Wanaoijua huanza kwa kuuliza mti gani unakaa wapi. Mlilana huvumilia mbele kabisa, kunakopiga mawimbi. Mkoko wenyewe hufuata, kwenye tope laini kando ya vijito. Mkandaa hukaa nyuma, na mchu utaukuta mbele na nyuma pia. Ukichomeka miche ya mkoko kwenye mchanga wa mbele kwa sababu ndipo pana nafasi ya kupigia picha, kusi likianza huipati.

Wengi pia huamini misitu hiyo ni ya halmashauri. Mikoko ni hifadhi ya serikali kuu na kwa Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kijiji kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na hapo ndipo halmashauri inapotakiwa kuwa mshauri na shahidi wa kijiji.

Kwa anayesema mikoko haina faida mpaka ikatwe boriti, avuke Horohoro. Kule Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 chini ya Mikoko Pamoja, mradi ulioanza kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayotunzwa na msitu, mwaka 2013. Kaboni nyingi imefungwa ndani ya tope kuliko kwenye magogo, ndiyo maana msitu uliosimama una bei. Matumizi ya fedha huamuliwa kwenye mikutano ya jamii, na maji safi pamoja na shule vimepata sehemu yake. Si utajiri. Ni kipato kidogo kinachokuja bila shoka kuguswa.

“Ufukwe safi ni ufukwe mtupu”

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na ufukwe ulipata nafuu ya kuonekana kwa macho. Chupa, vifungashio vidogo na nyuzi za nyavu bado vipo, na masika ikinyesha mitaro ya mjini huvimwagia baharini. Hiyo ni kazi ya halmashauri kwa sheria: kuzoa taka kabla mvua haijazizoa.

Ila kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Kwenye usafi wa ufukwe, watu hukusanya plastiki pamoja na majani ya bahari yaliyotupwa na mawimbi, wakayachoma yote. Majani yale hunasa mchanga na kulisha wadudu wadogo wanaoliwa na kaa na ndege. Yaacheni. Okoteni kilichotoka dukani.

“Bahari ikila ardhi, jenga ukuta”

Mji wa Pangani umejengewa ukuta wa kinga, na kwa mji mkongwe uliobanwa kati ya mto na bahari sioni njia nyingine iliyokuwepo. Lakini ukuta haumezi nguvu ya wimbi. Huirudisha, na nguvu hiyo huchimba mchanga ulio mbele ya ukuta na ardhi iliyo mwishoni mwake. Jirani ambaye hana ukuta ndiye hulipa.

Kinachokinga bila kumuumiza jirani ni vile vitu tulivyokwisha kuvitaja. Mwamba huvunja wimbi kabla halijafika. Mikoko hulipunguza kasi. Na mchanga wenyewe una walioutengeneza: sehemu yake huletwa na mito, sehemu ni makombe na matumbawe yaliyosagika, na sehemu hutoka tumboni mwa pono, ambaye hung'ata mwamba, akala kilichomo na kuutoa uliobaki kama mchanga laini. Kwa hiyo mwamba uliopigwa baruti, mchanga uliochimbwa kijitoni kwa ajili ya matofali na nyumba iliyojengwa pembezoni kabisa ni habari moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Watu hudhani katazo hilo liliwekwa kuwasumbua maskini. Likitekelezwa kwa kibanda cha mvuvi na kuachwa kwa hoteli, watakuwa na haki ya kudhani hivyo, na hapo afisa ardhi wa wilaya ndiye mwenye jibu.

“Mazingira ni mambo ya wafadhili”

Mgala muue na haki yake mpe: bila fedha za nje, mpango wa Tanga usingefika 2007. Lakini kudhani kwamba halmashauri haina chake si kweli. Samaki wanaouzwa mnadani hutozwa ushuru. Leseni za uvuvi hulipiwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kisheria kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wakulima wa mwani au cha wanawake wanaopisha mwamba uliofungwa kina haki ya kuomba kutoka hapo, na ningependa maofisa maendeleo ya jamii wawaambie hivyo kabla kamba ya kufunga haijatiwa baharini.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wote. Ikisomwa, sikiliza kama kuna mstari wa mafuta ya boti ya doria. Kama haupo, nyoosha mkono uulize ushuru wa samaki wa robo hiyo umekwenda wapi, na uombe swali lako liandikwe kwenye muhtasari, jibu lipatikane au lisipatikane.