Kusimulia Sarafina si kuichambua

Kila ikikaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, Sarafina!, filamu ya muziki kuhusu wanafunzi wa Soweto, mitaa ya watu weusi ya Johannesburg, hurudi. Shule huimba nyimbo zake, vituo vya televisheni huirusha tena, na mitandaoni huzagaa maandishi yenye kichwa "Uchambuzi wa filamu ya Sarafina". Ukiyafungua unakuta kwamba palikuwa na msichana Soweto, alikuwa na mwalimu aliyempenda, mwalimu akakamatwa, wanafunzi wakaandamana, polisi wakapiga risasi, msichana akafungwa, akatoka. Mwishoni aya moja: filamu inatufundisha umuhimu wa elimu na umoja. Mwandishi hapo amesimulia hadithi na kuibandika funzo. Kusimulia ni kazi ya heshima, na waliokuwa wakitusimulia filamu kwenye mabanda ya video waliifanya kwa ufundi mkubwa. Lakini jina lake ni usimulizi.

Kuchambua filamu ya kihistoria ni kueleza imeyafanyia nini matukio ya kweli: imechukua kipi, imeacha kipi, imekiweka wapi, na kwa sababu gani. Maana yenyewe haizidi hapo.

Kinachosumbua ni kwamba wengi wakiambiwa wasisimulie, hukimbilia upande wa pili. Wanashika kalamu nyekundu na kuorodhesha makosa: hili halikutokea, huyu hakuwepo. Huo ni ukaguzi. Unahitajika, maana bila kuyajua matukio huwezi kujua filamu imeyageuza wapi, lakini ukaguzi ukifika kwenye neno "si kweli" hutua mzigo. Uchambuzi ndipo unapoubeba na kuuliza: kama si kweli, kwa nini wameliweka?

Swali hilo halijibiki mpaka ukumbuke kwamba filamu ya kihistoria ina miaka miwili, mwaka inaousimulia na mwaka ilipotengenezwa. Sarafina! ina zaidi ya hiyo, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Inasimulia uasi wa wanafunzi wa Soweto ulioanza tarehe 16 Juni 1976. Ilitokana na tamthilia ya muziki ya Mbongeni Ngema iliyopandishwa jukwaani Johannesburg mwaka 1987, wakati Afrika Kusini ikiwa chini ya hali ya hatari. Filamu, iliyoongozwa na Darrell James Roodt, ikatoka mwaka 1992: Mandela ametoka gerezani tangu Februari 1990, lakini watu weusi bado hawajapiga kura. Nyakati tatu zimekaa ndani ya kanda moja, na zote zinasema.

Tazama picha ya Mandela. Sarafina anaongea nayo nyumbani kama anavyoongea mtu na baba aliye safarini. Ni sehemu inayopendwa kuliko nyingi. Sasa rudi mwaka 1976. Mandela alikuwa mfungwa katika kisiwa cha Robben Island, na serikali ilikuwa imepiga marufuku maneno yake na picha zake. Fikra zilizowawasha wanafunzi wengi wa Soweto wakati ule zilikuwa za vuguvugu la Kujitambua kwa Watu Weusi, la akina Steve Biko. Kampeni ya kudai Mandela aachiliwe ilishika kasi kuanzia mwaka 1980, na ni katika muongo huo sura yake ilipokuwa sura ya mapambano yote. Kwa hiyo Sarafina, binti wa 1976, anapenda kama kijana wa 1987, na watazamaji wa 1992 wanamwelewa mara moja kwa sababu mtu huyo wanamwona kwenye habari kila jioni. Mkaguzi ataandika kwamba filamu imechanganya miaka. Mchambuzi ataona zaidi: imeuchukua uasi uliozaliwa katika fikra za Biko na kuukabidhi kwa Mandela, aliyekuwa mezani mwa mazungumzo ya kuumaliza ubaguzi wakati kamera zinazunguka. Jina la Biko likapungua uzito. Kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika filamu hii, na ni nadra kulikuta katika hizo zinazoitwa chambuzi.

Kifo cha konstebo mweusi anayechomwa moto na wanafunzi nacho kina harufu ya miaka ya katikati ya 1980, wakati kuwachoma walioshukiwa kushirikiana na serikali kulipokuwa moja ya hofu kubwa za mitaa ya watu weusi. Filamu haikifichi. Inamfanya Sarafina akibebe moyoni kama doa. Mwaka 1992, nchi ikiwa inawaza itaishije na damu iliyomwagika pande zote, kumwonyesha kijana shujaa akijutia damu ilikuwa ni kusema jambo kwa watu walio hai, wala si kukumbuka yaliyopita tu.

Halafu elimu. Wasimulizi wote hukubaliana kwamba filamu "inaonyesha umuhimu wa elimu". Elimu ipi? Wanafunzi wa Soweto walikuwa wanaikataa elimu waliyopewa. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliiweka shule ya mtoto mweusi mikononi mwa serikali ya ubaguzi, na Hendrik Verwoerd, waziri aliyeisimamia, alieleza bila haya kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya Wazungu zaidi ya ngazi fulani za kazi. Mwaka 1974 likaja agizo kwamba nusu ya masomo, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo huku kwetu tuliizoea kwa jina la Kikaburu. Hivyo shule ndiyo iliyokuwa mahali pa ubaguzi, na pia ndiyo iliyokuwa mahali pa kuupinga. Anayeandika "elimu ni ufunguo wa maisha" chini ya filamu hii amewapita wale watoto njiani bila kuwasikia. Wao walikuwa wanasema kwamba ufunguo ule umechongwa uwafungie ndani.

Filamu inaubeba mgongano huo kwa mtu mmoja, mwalimu Mary Masombuka, aliyechezwa na Whoopi Goldberg. Anafundisha historia ambayo serikali haitaki ifundishwe, na anakamatwa. Uchaguzi huu una faida na una gharama. Faida ni kwamba walimu wa namna yake walikuwepo kweli. Onkgopotse Tiro alifukuzwa chuo kikuu mwaka 1972 baada ya kuishambulia elimu ya Wabantu katika hotuba ya mahafali, akaenda kufundisha historia katika shule ya Morris Isaacson, Soweto. Mwaka 1974 aliuawa nchini Botswana kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Ukimjua Tiro, Masombuka hawi tena mwalimu mwema wa hadithi. Gharama ni kwamba moto wote unaonekana kuwashwa na mtu mzima mmoja, akichezwa na nyota wa Marekani ambaye jina lake lilisaidia filamu kupata watazamaji wa nje. Maandamano ya tarehe 16 yaliandaliwa na wanafunzi wenyewe, waliokutana tarehe 13 Juni na kuunda kamati yao ya kuyaongoza.

Mchambuzi pia hutazama nani kapewa kucheza nani. Mama yake Sarafina, mtumishi wa ndani anayeinamisha kichwa nyumbani kwa Wazungu, amechezwa na Miriam Makeba. Ndiye yule yule tuliyemzoea kwa Malaika, aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuushtaki ubaguzi wa kwao na kuishi uhamishoni kwa takriban miaka 30. Sarafina kwanza anamwonea mama haya kwa unyonge wake, na baada ya gereza ndipo anapomwona upya. Kumpa Makeba unyonge ule ni kumwambia mtazamaji, kabla binti hajalijua, kwamba mwanamke huyu si mnyonge. Kwa msimulizi, yeye ni "mama yake Sarafina" tu.

Mwisho kuna kilichoachwa nje, na hiki kinatugusa. Maelfu ya vijana waliikimbia Afrika Kusini baada ya 1976. Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Mandela, ardhi Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Pale Mazimbu watoto walioikataa elimu ya Wabantu walijaribu kujijengea nyingine. ANC iliikabidhi shule ile kwa Tanzania mwaka 1992, mwaka ule ule filamu ilipotoka, na leo majengo yake ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Sarafina! haifiki huko. Silihesabu kuwa kosa, kwa sababu filamu imechagua kubaki nyumbani na familia, lakini Mtanzania anayeichambua bila kuitaja Mazimbu ameacha swali lililo mlangoni kwake.

Ndugu zangu mnaoandika, sentensi moja inarudi kila Juni nami ningependa tuirekebishe pamoja: "Sarafina alikuwa mwanafunzi wa Soweto aliyeongoza maandamano ya 1976." Sarafina ni mhusika wa kubuni. Kijana wa Morris Isaacson anayetajwa zaidi kuwaongoza wenzake siku ile ni Tsietsi Mashinini, aliyekuwa na miaka 19, akatoroka nchi na kufia Guinea mwaka 1990. Tuandike hivyo, kisha tuulize kwa nini jukwaa la 1987 lilimweka msichana katika nafasi hiyo.