Akademi ni nini, na kwa nini mpwa wangu hakuhitimu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha mpira hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nikisubiri mechi ya Uingereza ianze. Mwenye kibanda alikuwa amewasha redio. Kabla sijamaliza soda yangu, mchambuzi alikuwa amekwisha kusema mara tatu kwamba akademi zetu zimefeli, hazitoi wachezaji wa kikosi cha kwanza. Benchi zima likaitikia. Mimi niliguna tu, maana ndani ya sentensi hiyo fupi kuna maneno ambayo kila mtu anadhani anayajua, na ukiyakagua moja moja sentensi yenyewe inabomoka.

Maana kwanza, tuimalize haraka. Akademi ya soka ni mahali anapolelewa mchezaji kwa miaka mingi, penye uwanja, walimu, chakula, shule na matibabu, na penye ngazi za umri zinazopanda hadi mlango wa timu ya wakubwa. Kanuni za FIFA, shirikisho la soka la dunia, za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema karibu hivyo hivyo: ni taasisi ambayo lengo lake kuu la muda mrefu ni kuwapa wachezaji mafunzo ya muda mrefu, kwa kuwawekea viwanja na miundombinu inayohitajika. Aliyeandika kifungu hicho amerudia "muda mrefu" mara mbili katika sentensi moja. Sidhani kama alipitiwa.

Sasa neno lenyewe. Akademi lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa jina la mahali. Wagiriki wa kale walikuwa na shujaa wa hadithi aitwaye Akademos, na nje kidogo ya kuta za Athens palikuwa na kiunga cha mizeituni kilichobeba jina lake. Mwanafalsafa Plato alianza kufundisha hapo yapata mwaka 387 kabla ya Kristo, na shule yake ikachukua jina la kiunga. Jambo ambalo wanamichezo wangelipenda ni kwamba pale palikuwa na uwanja wa mazoezi ya viungo hata kabla ya Plato. Vijana walikuwa wakikimbia na kupigana mieleka chini ya miti ileile. Kwa hiyo anayesema neno hili ni la wasomi na watu wa mpira wameliazima, amegeuza mambo. Jasho lilitangulia vitabu.

Mwanafunzi maarufu kuliko wote wa pale, Aristotle, alifika akiwa na miaka 17. Aliondoka baada ya miaka 20 hivi, mwalimu wake alipokwisha kufariki. Hiyo namba 17 iweke mfukoni, nitakuomba baadaye.

Kutoka Kiugiriki neno likapita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, mizeituni ikabaki njiani, likafika Afrika Mashariki likiwa na sura nyingine kabisa: shule ya kulipia. Wenzetu Wakenya hapo ng'ambo ya mpaka wakisema mtoto anasoma "akademi", hawazungumzii mpira. Wanasema hayuko shule ya serikali. Na kwetu, soma mabango ya shule za msingi za binafsi ukiwa kwenye matatu ya kwenda Kampala, utalikuta neno hilo hadi uchoke. Ni kwa mlango huo lilivyoingia kwenye soka letu. Mzazi akisikia akademi anasikia ada, sare na ripoti ya mwisho wa muhula. Mwenye filimbi, yaani yule anayefundisha watoto mpira mtaani, naye anajua mzazi anasikia hivyo. Ananunua vizibao ishirini na koni za plastiki, na bango linachorwa kabla mpira wa pili haujanunuliwa.

Sina ugomvi na mwenye filimbi. Mtoto anayekimbia Jumamosi asubuhi chini ya mtu mzima anayemjua kwa jina amepata kitu, hata kama mipira ni miwili na goli moja ni mawe. Ugomvi wangu ni kwamba tukisha kuiita hiyo akademi, tunaanza kuidai matunda ya akademi.

Dada yangu alimlipia mwanawe miaka miwili katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Desemba moja kijana akaja kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti kimefunikwa plastiki: picha yake amepiga goti moja, mpira chini ya kiganja, muhuri wa buluu wa duara umekata kona ya picha, na maandishi kwamba aliyetajwa amehitimu akademi ya soka. Alikuwa na miaka 16.

"Shikamoo, mjomba. Nimemaliza akademi."

"Marahaba. Sasa unakwenda wapi?"

Akakitazama kile cheti kana kwamba jibu limeandikwa nyuma yake. "Kutafuta timu."

Neno kuhitimu tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutia muhuri na kukamilisha. Ndugu yake wa damu ni hitima, kile kisomo cha Kurani nzima ambacho wengi wetu tunakijua zaidi msibani. Sidai kwamba waliochapa cheti kile walikusudia utani, ila soka la mpwa wangu lilisomewa hitima siku ileile lilipohitimu. Kituo hakikuwa na timu ya vijana wa miaka 17 na kuendelea. Hakikuwa na makubaliano na klabu yoyote. Toa sasa ile namba mfukoni: kwa Plato, miaka 17 ndio umri wa kubisha hodi. Kwetu ukifika umri huo umekwisha kuagwa na kupigwa picha.

FIFA nayo ina hesabu yake. Fidia ya mafunzo, yaani zile fedha ambazo klabu huzidai kwa kumlea mchezaji, inahesabu malezi kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi anaotimiza 21. Halafu mchezaji akiuzwa nchi nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini fedha hizo hufuata karatasi za usajili. Kituo ambacho hakijasajiliwa kama klabu chini ya shirikisho hakimo kwenye hesabu, hata bango lake liwe kubwa kiasi gani. Hapo ndipo tofauti ya maneno inapogeuka tofauti ya hela, na ndipo watu wa mpira hukumbuka ghafla kwamba maana ina umuhimu.

Turudi kwa mchambuzi. Alisema "hazitoi". Kiswahili kina vitenzi vizuri zaidi, vitatu, na redioni vyote vinachanganywa kama vile ni kimoja. Kuibua ni kukileta juu kitu kilichokuwa chini ya maji. Kipaji kilikuwepo, wewe umekiona tu. Inatosha wiki moja ya mashindano. Kukuza ni kukifanya kikue, na chochote kinachokua kina msimu wake. Kulea ni kukuza pamoja na kulisha, kutibu, kukemea na kusubiri.

Katika kuibua, Uganda ni hodari, tena sana. Mwaka 2021 vijana wetu wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika kule Mauritania, wakafungwa na Ghana 2-0, na Derrick Kakooza akawa mfungaji bora wa mashindano. Vijana wa chini ya miaka 17 walifuzu Kombe la Dunia la 2025 nchini Qatar, mara ya kwanza katika historia yetu. Nchi yenye ukame wa vipaji haifiki huko. Kwa hiyo anayesema tatizo ni vipaji aangalie tena.

Kulea ndiko kugumu, na kwa sehemu kubwa Uganda imekabidhi kazi hiyo kwa shule za sekondari. Pale Kitende, karibu na Kampala, mambo yamekaa vizuri: shule ya St. Mary's na klabu ya Vipers zote zimejengwa na mtu mmoja, Lawrence Mulindwa, na uwanja wa klabu uko hapo hapo, kwa hiyo mwanafunzi anaiona timu ya wakubwa kwa macho yake. Shule nyingine nyingi hazina klabu juu yake. Zina kombe la mwaka huu. Mwalimu wa michezo anayepimwa kwa kombe la mwaka huu, ukimpa kijana mfupi anayeuona mpira kabla haujafika na mwingine aliyekwisha kuota ndevu, mnajua atampanga nani. Hata Ulaya, watafiti wamekuta kwamba watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili ndio wanaojaa kwenye vituo vya vijana, kwa sababu tu wametangulia kurefuka. Na huko vyeti vya kuzaliwa husema kweli. Kwetu, ongeza mwenyewe.

Kisha Senior Six, yaani kidato cha sita, inaisha. Nafasi ya kusoma bure imekwisha, kitanda cha bweni kimekwisha, sahani ya posho (ugali wetu) na maharagwe imekwisha, na kijana ana miaka 19. Mwili wake ndio kwanza unaanza kuhimili mechi za watu wazima. Miaka miwili ijayo ndiyo aliyokuwa anaihitaji kuliko yote iliyopita, na ndiyo isiyo na mwenyewe. Anaazima pikipiki ya boda ya kaka yake.

Limebaki "kikosi cha kwanza", na hapa lugha yetu yenyewe imetuponza. Neno hilo hilo tunalitumia kwa wale kumi na mmoja wanaoanza mechi, na tunalitumia kwa timu nzima ya wakubwa. Kijana akipandishwa, akapewa jezi namba 38 na kukaa msimu mzima nje ya hata orodha ya akiba, magazeti huandika kwamba ameingia kikosi cha kwanza. Msimu unaofuata anapelekwa kwa mkopo, na lawama inarudi kwa waliomlea. Mimi husema timu ya wakubwa nikimaanisha timu, na kikosi kinachoanza nikimaanisha wale kumi na mmoja. Ni silabi chache tu za ziada.

Kati ya hivyo viwili kuna mlango, na ufunguo wake hauko akademi. Chukua Chelsea ya Uingereza. Vijana wao walitwaa Kombe la FA la Vijana mara tano mfululizo, 2014 hadi 2018, lakini mchezaji wa akademi aliyedumu timu ya wakubwa miaka hiyo ulimtafuta kwa tochi. Msimu wa 2018/19 wanne kati ya vijana hao walikuwa kwa mkopo klabu nyingine: Mason Mount na Fikayo Tomori Derby County, Tammy Abraham Aston Villa, Reece James Wigan. Kisha FIFA ikaifungia klabu kusajili, adhabu iliyotokana, cha kuchekesha, na kuvunja kanuni za kusajili watoto wa chini ya miaka 18. Kocha mpya, Frank Lampard, akafika akakuta duka limefungwa, akafungua kabati la nyumbani. Msimu wa 2019/20 wote wanne walicheza. Hakuna somo jipya walilofundishwa likizo ile.

Kwetu pia mlango umewahi kufunguliwa. Mike Mutebi alipokuwa kocha wa KCCA, klabu ya Kampala, aliwapanga vijana bila kuomba radhi, na Allan Okello, mzaliwa wa mwaka 2000, alitoka timu ya vijana ya klabu hiyo akaingia ya wakubwa akiwa hajatimiza miaka 18. Mwanzoni mwa 2020 alikwenda Paradou ya Algeria, klabu ambayo yenyewe inajulikana kwa kulea. KCCA walichukua ubingwa na vijana hao, kwa hiyo hakuna wa kusema ilikuwa sadaka. Lakini kocha anayejua kwamba akipoteza mechi tatu anafungashiwa virago atamchagua mtu wa miaka 29 aliyekwisha kuachwa na klabu mbili, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Basi, ndugu yangu mchambuzi, Jumamosi ijayo ukikamata kipaza sauti, jaribu sentensi hii: "Timu zetu za watoto hazina pa kuwapeleka vijana wakifika miaka 17, na klabu zetu hazijafungua mlango." Ndefu kidogo, lakini pumzi unayo, nimekusikia ukitangaza goli. Ukiisema hivyo, watakaopiga simu studio watauliza habari za klabu, na wale watoto wenye vizibao watamaliza mazoezi yao kwa amani.