Je, wajua kwa nini mavazi ya mtu hutulia akishavuka ujana?

Jibu la haraka kila mtu analo. Uliza pale soko la Memorial, Moshi, katikati ya marundo ya mitumba, utaambiwa ujana ni maji ya moto: kijana anavaa vituko kwa sababu anataka kuwa tofauti, anabishana na wazazi, akili haijakaa sawa. Akikua atanunua kadeti mbili na mashati ya kuchomekea, yaishe.

Maelezo hayo yana kasoro mbili, na ya kwanza inaonekana kwa macho tu. Simama kituo cha daladala Arusha jioni ya Jumamosi, wanafunzi wa miaka 15 na 16 wakiwa wamevua sare za shule. Hao wanaodaiwa kutaka kuwa tofauti wamevaa nini? Raba za aina moja, suruali za upana mmoja, nywele zilizochongwa kwa mtindo mmoja kana kwamba kinyozi ni yule yule. Sasa watazame watu wazima waliosimama hapo hapo: mama mwenye dera na sweta la kiume juu yake, bwana wa koti la suti na raba, mzee aliyejitanda shuka juu ya jinzi, dada wa ofisini aliyeshonewa kitenge. Ukitafuta tofauti, utaipata kwa wakubwa.

Kwa hiyo kijana haasi. Anatii, tena kupita kiasi, ila anayemtii si mzazi. Kwa mzazi huo ni uasi, kwa sababu amri zinatoka kwenye kijiwe asichokalia yeye.

Na hili si la kizazi hiki. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969, ikipiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Waliokuwa wakivaa suruali hizo za kubana ndio babu zetu wa sasa, wale wanaotikisa kichwa wakiona modo, suruali za kubana za wajukuu wao. Haukupita muda mrefu zikaja bugaluu, pana chini hadi zinafagia barabara, na raizoni za kisigino kirefu. Baadaye mlegezo, baadaye modo, na sasa suruali zinapanuka tena. Ukipanga picha za harusi za ukoo wowote wa Kilimanjaro kwa mfuatano wa miaka, upana wa suruali za vijana unabana na kuachia, lakini ndani ya picha moja wote wako sawa. Kama kila kijana angekuwa anajitafutia utofauti wake, ingekuwaje wote waasi kwa upana uleule, mwaka uleule?

Kasoro ya pili ni kudhani kwamba ladha ya mavazi inabadilika kwa sababu akili imekomaa. Hapa Arusha tuna ushahidi wa karibu kwamba mavazi yanaweza kubadilika kwa umri bila ladha ya mtu kuulizwa kabisa. Vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni huonekana kando ya barabara wakiwa na shuka nyeusi na nyuso zilizochorwa kwa nyeupe. Wakishakuwa morani wanahamia mavazi mengine, na kwa desturi wanafuga nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu. Kwenye eunoto, sherehe ya kumvusha morani kwenda ngazi inayofuata, nywele hizo zinanyolewa, na desturi ni mama wa morani ndiye anayemnyoa. Hakuna anayesema morani amechoka na nywele ndefu. Rika limesogea, na mavazi yamesogea nalo. (Nje ya rika lao mambo yalikuwa mengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavua Wamaasai shuka na kuwavalisha suruali. Matokeo yake unayaona mwenyewe ukipita mnara wa saa.)

Sisi wengine tunavuka ngazi hizo hizo, ila hatuna sherehe ya kutuonyesha. Ngazi ya kwanza ni kumaliza shule na kuvua sare, halafu mshahara wa kwanza, ndoa, na kuitwa baba au mama fulani. Kila ngazi inabadilisha jambo moja: ni nani anayekutazama. Hapo ndipo wanasaikolojia wanapotupa msaada.

Mwaka 1967 Mmarekani David Elkind aliandika kwamba mtu akifika umri wa kubalehe huanza kuishi mbele ya hadhira ya kufikirika. Anaamini kila mtu anamtazama, kwa sababu yeye mwenyewe hana anachokitazama zaidi ya nafsi yake. Ili kuuelewa utaratibu huu, chukua kwaya ya usharika, kitu ambacho Moshi na Arusha hatuna upungufu nacho.

Mwimbaji mgeni amewekwa kwenye besi. Hajui besi inakwenda wapi, kwa hiyo anategea sikio kwa aliye kushoto kwake na kuiga noti kwa noti, akichelewa kidogo. Akikosea, anaona uso unamwaka. Anaamini kanisa zima limesikia, kuanzia mchungaji hadi watoto wa mabenchi ya mbele. Ukweli ni kwamba aliyesikia ni jirani yake wa kulia na, kwa bahati mbaya, mwalimu wa kwaya. Wiki inayofuata anaimba kwa sauti ya chini zaidi na kumwiga jirani kwa makini zaidi. Hajapoteza kipaji. Hajui tu sauti yake inaishia wapi na za wenzake zinaanzia wapi. Baada ya misimu kadhaa ya Krismasi ameshaishika besi yake. Sasa hamsikilizi jirani ili amwige, anamsikiliza ili wasigongane, na pale wimbo unaporuhusu anaweka kikorombwezo chake mwenyewe. Hadhira haijapungua hata mtu mmoja. Kilichopungua ni idadi ya masikio anayodhani yanamsikiliza yeye peke yake.

Hadhira hiyo imewahi kupimwa, tena kwa fulana. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha majaribio ambayo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wa chuo walimwona wa kizamani na wa kuchekesha, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Alipotoka aliulizwa wangapi wameitambua picha ile. Wastani wa makisio ulikuwa karibu nusu ya waliokuwemo. Walioitambua kweli ni kama robo. Jaribio lililofuata linafurahisha zaidi: safari hii wanafunzi walichagua fulana ya mtu wasiyemwonea aibu, Bob Marley akiwa mmojawapo. Bado walikisia karibu nusu, na walioona hawakufika mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo uliyevaa Marley kwa madaha hadi soko la Samunge, watu wana mambo yao.

Tahadhari moja: hao walikuwa wanafunzi wa chuo Marekani, si wa kidato cha pili Ngarenaro. Na wapo watafiti waliombishia Elkind kwamba hadhira ya kijana si ya kufikirika yote. Nadhani hapo wana hoja. Shuleni watu wanatazamwa kweli, wanapewa majina ya utani kweli, na jina la utani la viatu vilivyochanika linaweza kudumu hadi mahafali. Kijana hajidanganyi kwamba kuna macho. Anazidisha hesabu tu.

Jambo la ajabu ni kwamba ndani ya utii huo bado kuna haja ya kuonekana. Marilynn Brewer alieleza mwaka 1991 kwamba binadamu anavutwa na mahitaji mawili kwa pamoja, kuwa wa kundi na kuwa yeye, na anatafuta mahali pa katikati. Sare za shule za Tanzania zimetufanyia jaribio hilo bure, kwa sababu zimebana nafasi ya kutofautiana hadi ikabaki ya vidole viwili. Na vidole viwili hivyo vinatumika vyote. Soksi inakunjwa au inavutwa. Fundo la tai linakuwa nene au jembamba. Sketi inakunjwa kiunoni mara mbili baada ya kona ya nyumbani, na kukunjuliwa kabla ya geti.

Nenda barazani kwa fundi cherehani yeyote aliye karibu na shule ya sekondari, mwezi Januari. Kijana analeta suruali mpya ya sare, anaivaa ndani nje, fundi anapitisha chaki kuanzia goti hadi chini. Anashona mstari mpya, lakini hakati kitambaa kinachobaki. Anakilaza ndani ya mguu na kukipiga pasi. Kijana akiuliza kwa nini hakati, jibu ni fupi: "Mwalimu wako wa nidhamu akikurudisha, nitafumua. Nikikata, mama yako atakuja hapa."

Fundi anajua pia jambo ambalo maelezo ya "akili kukomaa" yanalisahau: mwili. Kwa kawaida wasichana hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, na miguu na mikono hutangulia kabla ya kiwiliwili. Mtu ambaye kiatu chake cha Januari hakimwingii Oktoba hawezi kuwa na mtindo wake, kwa sababu hana nguo inayokaa naye. Ndiyo maana ya ule mjadala unaosikika kila siku sokoni Kiboriloni, Moshi, mtoto akisema "Mama, inanipwaya," na mama akiishika suruali kiunoni pa mtoto na kujibu, "Chukua, baba, utaikulia." Fedha nazo ni za mama, na kwa nyumba nyingi za Uchagani nguo mpya inakuja na sikukuu ya Desemba. Nguo moja kwa mwaka, iliyochaguliwa na mwingine, tena ya kuonyeshwa kanisani mbele ya binamu wote waliopanda kutoka Dar es Salaam. Hapo mtu anacheza salama.

Mtu wa miaka 28 yuko kwenye hali nyingine kabisa. Mwili umesimama, kwa hiyo jaketi zuri alilolipata belo likifunguliwa linaweza kukaa naye miaka kumi. Anachagua na kulipa mwenyewe. Kisha ushawishi wa wenzake umelegea. Katika jaribio la mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa rika tatu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wenye miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wenzao wakiwa pembeni kuliko wakiwa peke yao, lakini waliovuka 24 hawakuonyesha tofauti hiyo. Gari si suruali, nakubali. Ila mwelekeo unaendana na kile tunachokiona kituoni.

Usidhani mtu mzima ameacha kufuata kundi. Kadi ya harusi ikija na rangi ya sare, atanunua kitenge kile kile na wenzake themanini na kukipeleka kwa fundi yule yule. Tofauti ni kwamba anafuata kwa siku moja, na Jumatatu anarudi kwenye mavazi yake.

Je, akishatulia ndiyo basi? Yeye anaamini hivyo. Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha mwaka 2013 utafiti wa watu zaidi ya 19,000 wenye miaka 18 hadi 68. Wengi walisema wamebadilika sana kwa miaka kumi iliyopita, na papo hapo wakatabiri kwamba miaka kumi ijayo watabaki karibu walivyo. Vijana walisema hivyo, na wakubwa nao wakasema hivyo hivyo. Waliulizwa kuhusu tabia, maadili na vitu wanavyovipenda kama muziki na chakula. Kulipeleka jibu hilo hadi kabatini ni hatua yangu, si yao.

Lakini hatua hiyo si ndefu, kwa sababu mavazi ya mtu mzima hayajagandishwa. Yanasubiri hadhira ibadilike. Mtu wa Arusha, mji ulio mita kama 1,400 juu ya bahari, amezoea jaketi na buti mwezi Julai na anaziita tabia yake. Mhamishie Dar es Salaam, utaona baada ya miezi michache tabia hiyo imebaki kwenye sanduku juu ya kabati. Mtumishi wa umma akifika 60 anastaafu kwa lazima, na waliomtazama kwa miaka thelathini ofisini wanatoweka kwa siku moja. Yule aliyekuwa haonekani bila tai, akirudi kihambani, shamba la nyumbani, Rombo au Marangu, anavaa gambuti, kofia ya sufu na sweta ambalo mkewe analikataza kila siku. Suti zinatolewa Jumapili na kwenye mazishi, ambako bado kuna watu wanaojua ilinunuliwa lini.