Mkono Ukilala Baada ya Ajali ya Bodaboda: Dhana Potofu Kuhusu Kutafuta Wenzako

Nilianguka na bodaboda nikatua kwa bega la kulia. Ngozi ilichubuka kidogo, eksirei ikaonyesha mifupa mizima, lakini mkono ulining'inia tu, hauinuki wala haukunji. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipotajiwa jeraha langu: pleksasi ya brakia, yaani fungu la neva za bega. Mizizi yake ni mitano, inatoka shingoni, inapita chini ya mtulinga, inateremka kwapani na kuuhudumia mkono wote. Bega likisukumwa chini huku kichwa kikienda upande wa pili, neva hizo huvutika au huchanika, na nyingine hung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Eksirei haionyeshi neva, ndiyo maana wengi tunarudishwa nyumbani na habari njema isiyo ya kweli.

Miaka minne sasa nimekaa na wenye mikono kama wangu. Karibu kila mmoja alichelewa kumpata mwenzake, na kilichomchelewesha ni maneno ambayo sote tumeyasikia.

"Mshipa ni mshipa, hata mimi niliugua"

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vingi. Inapopita damu ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, kano nayo watu huiita mshipa, na kwetu pwani mtu akisema ana mshipa huenda anazungumzia ngiri. Basi ukitoka hospitali ukasema "mshipa umekatika", kila anayekuja kukupa pole ana binamu aliyeugua mshipa, akachuliwa, akapona. Shangazi yangu, kwa mapenzi yake yote, alinikanda kwa maji ya moto kila jioni, mpaka siku yalipotokea malengelenge nami sikuwa nimehisi chochote. Mkono uliopoteza hisia haujui kama maji yanaunguza. Tafadhali, kabla maji hayajaugusa, yapime kwa mkono mzima au mwambie mwingine ayapime.

Mwenzako ni mwenye jeraha kama lako, na huwezi kumtambua kabla hujalijua lako. Muulize daktari mambo mawili: ni neva zipi, na zimeumia kwa kiwango gani. Mwaka 1943 daktari wa Uingereza, Herbert Seddon, aliyagawa majeraha ya neva katika madaraja matatu, na mgawanyo huo unatumika hadi leo. Kuna neva iliyoshtuka tu, ambayo hurudi yenyewe kwa wiki au miezi michache. Kuna ambayo nyuzi zake za ndani zimekatika lakini ala yake ipo. Hii huota polepole, kama milimita 1 kwa siku. Na kuna iliyokatika kabisa, ambayo haiungi bila upasuaji.

Kwenye chumba cha fiziotherapia utakutana pia na wenye kiharusi. Tumekaa nao benchi moja, na mzee mmoja ndiye aliyenifundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Lakini mazoezi yake hayakuwa yangu. Tatizo lake lilianzia kwenye ubongo na misuli yake ilikuwa inakaza. Yangu ilikuwa imelegea kwa kukosa neva.

"Msikilize aliyepona"

Ndugu zangu waliniletea kijana aliyepona kwa miezi miwili. Aliinua mkono wake mbele yangu, akaniambia nisikate tamaa. Alipoondoka nilikaa siku tatu nikiukasirikia mkono wangu, kana kwamba ulikuwa mvivu. Nilikuja kujua baadaye kuwa neva zake zilishtuka tu. Hakunidanganya, alizungumzia jeraha jingine.

Hesabu ya milimita 1 kwa siku ni kama sentimeta 3 kwa mwezi. Kutoka shingoni hadi kiganjani kwa mtu mzima ni zaidi ya sentimeta 60, hivyo ni zaidi ya miezi ishirini. Huku nyuma misuli inasubiri, na ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva, uwezo wake wa kuipokea tena hupungua sana. Ndiyo maana kiwiko kinaweza kurudi na vidole visirudi.

Aliyenifaa ni fundi seremala aliyenitangulia mwaka mmoja na nusu, ambaye hakuwa amepona. Nilimuuliza nini kilifuata baada ya nini, naye alikuwa bado anakumbuka. Aliniambia kwamba dalili ya kwanza mara nyingi haionekani kwa macho. Unagonga kwa kidole juu ya njia ya neva, na pale nyuzi zilipofika unasikia mfano wa shoti ya umeme ikiteremka mkononi. Mfaransa Jules Tinel aliieleza alama hiyo mwaka 1915. Seremala aliiita "mahali pa shoti", akawa anaweka tarehe kwenye daftari kila ilipoteremka.

Jingine alilonieleza lilihusu upasuaji. Yeye alihamishiwa neva za kati ya mbavu, zikaunganishwa na msuli unaokunja kiwiko. Miezi ilipita kimya. Kisha siku moja alikohoa, na msuli ukaruka. Ndivyo neva hizo zinavyoanza, kwa sababu kazi yake ya awali ilikuwa pumzi; mtu hujifunza kukunja kiwiko kwa kuvuta hewa, kisha ubongo huzoea njia mpya. Nilipofanyiwa wa kwangu na msuli ukashtuka nikiwa napiga chafya, sikuogopa. Nilimpigia simu.

"Kama yeye alisubiri, na mimi nitasubiri"

Hapa nawaomba tuwe wakali. Mwenzako anaweza kukuambia alivyopata rufaa, foleni ilikuwaje, alibeba nini siku ya kulazwa. Kalenda yake usiichukue. Upasuaji wa kuunganisha au kuhamisha neva huwa na nafasi nzuri zaidi ndani ya miezi 3 hadi 6 tangu ajali, na baada ya mwaka nafasi hiyo inakuwa ndogo. Ikifika miezi mitatu hakuna msuli unaorudi, unapaswa kuwa umeshaonwa na daktari wa upasuaji anayezijua neva. Nimemwona mtu aliyesubiri miezi kumi na nne kwa kuwa mkono wa rafiki yake "ulirudi wenyewe". Rafiki hakuwa na nia mbaya.

Vidonge vivyo hivyo. Maumivu ya neva hutibiwa kwa dawa kama amitriptilini, gabapentini au pregabalini, na kiasi kinategemea moyo wako, figo zako na dawa nyingine unazotumia. Usigawiwe vidonge vya mwenzako, na usiache vyako ghafla kwa sababu yeye aliacha.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo lilinifaa zaidi kulisikia kwa seremala. Neva ikiwa imeng'oka kwenye uti wa mgongo, mkono usiohisi kitu unaweza kuuma kama umetiwa kwenye makaa, vidole vikapondwa, shoti zikapita usiku kucha. Nyumbani walianza kusema nimerogwa, na mimi nikaanza kuamini. Seremala alinisikiliza, akaumalizia usemi wangu kabla sijaufikisha mwisho: "…na panadol haigusi." Nilinyamaza muda mrefu kwenye simu. Seli za uti wa mgongo zilizopoteza neva zake huendelea kurusha ishara zenyewe, na ubongo huzipokea kama maumivu ya mkono. Una ugonjwa wenye jina na tiba ya kuupunguza.

"Vikundi ni vya kulia, mwanaume hujikaza"

Vikundi vya wagonjwa kwa wagonjwa havikuletwa kwetu jana. Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kusaidiana la wenye virusi vya UKIMWI, wakati kwao hakuna dawa ya kufubaza virusi, wakaketi pamoja wakapeana moyo na maarifa. Tanzania tuna vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hadi vijijini.

Na sisi tunazungumza nini tukikutana? Shati: unaanza kuvaa mkono mgonjwa, na ukivua unaumalizia. Kombeo: usiuache mkono uning'inie siku nzima, uzito wake huvuta bega nje ya kikombe chake. Viungo vinyooshwe kila siku kama ulivyofundishwa, visije vikakakamaa kabla neva haijafika.

Tunazungumza kula. Aliyelala mkono wa kulia pwani anajua ninachosema. Mwaka wa kwanza nilikataa karamu zote, maziko sikukaa kula, kwa aibu ya kutia mkono wa kushoto kwenye sinia. Nikipewa mkono nikitoa wa kushoto, niliona uso wa mtu unavyobadilika. Seremala aliniambia: mwenye udhuru ana ruhusa, lakini usingoje waulize. Sema wewe mwanzo, "Samahani, wa kulia unaumwa," kisha kula. Nilijaribu kwenye khitma ya jirani yetu. Mzee niliyeketi naye alinisogezea nyama upande wangu, mazungumzo yakaendelea.

"Kwetu hakuna kundi"

Yawezekana kweli hakuna. Anza na mtu mmoja. Mwambie fizio wako ampe namba yako mgonjwa mwenye jeraha kama lako, naye akipenda akupigie. Usiombe namba yake, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nenda kijiwe cha bodaboda, muulize mwenyekiti. Kama kuna mwenzao ambaye mkono wake umelala, atamjua. Kwa WhatsApp tumieni ujumbe wa sauti, kuandika kwa mkono mmoja kunachosha. Akitokea mtu kundini anauza dawa ya kuotesha neva, mtoeni. Na mwenzenu akianza kusema heri afe, msimbebe peke yenu: mmoja akae naye, mwingine awaite nduguze na mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita fizio alimpa namba yangu kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilijiandaa aniulize kama mkono utarudi. Aliuliza kucha za mkono mzima zinakatwaje, maana mama yake ndiye anayemkata na anaona haya. Nilimtumia picha ya kibao changu, kikata kucha kimepigiliwa juu yake, kinabonyezwa kwa kisigino.